Houston kwanza, Queens baadaye

Dereva wa lori huku Marekani haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 kwa siku. Kazi yake ikifika saa 70 ndani ya siku 8, lori linalala, na akipumzika saa 34 mfululizo hesabu inaanza upya. Saa hizo 34 hazikuulizi ungependa kuwa wapi. Zinaweza kukukuta katikati ya Wyoming, penye pampu ya mafuta na mashine ya soda, au zikakukuta Houston Ijumaa jioni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na tangu nishike usukani huku, mapumziko yangu nimeyatumia kwa jambo moja: kutafuta chakula cha watu waliotoka mbali kama nilivyotoka mimi. Kwa hiyo tukikutana madereva wa Afrika Mashariki kwenye maegesho ya malori, na mjadala ukafika kwenye mji gani unalisha mataifa mengi zaidi, siwezi kunyamaza. Wengi husema New York na kuona yameisha. Mimi nasema Houston. Nitaeleza sababu, ila kwanza niitendee New York haki yake, kwa sababu imenilisha vizuri.

Lori naliacha upande wa New Jersey, napanda basi hadi Manhattan, kisha nashuka chini kwenye treni namba 7. Ikishavuka mto na kuingia Queens, wilaya mojawapo ya jiji hilo, treni hii inatoka ardhini na kupanda juu ya nguzo za chuma, na kuanzia hapo kila kituo ni nchi nyingine. Jackson Heights utashuka kwa Wanepali, Watibeti, Wabangladesh na Wahindi. Vituo vichache mbele ni Wakolombia, Waekwado na Wameksiko. Mwisho wa reli ni Flushing, kwa Wachina na Wakorea. Queens ina watu zaidi ya milioni mbili na karibu nusu yao wamezaliwa nje ya Marekani. Wilaya nzima unaizunguka kwa nauli ya treni, bila gari, na hilo peke yake ni neema kwa mtu mgeni asiye na leseni.

Momo nilizozipenda kuliko zote nilizila Jackson Heights, nyuma ya duka la simu. Unapita katikati ya kaunta za vioo zenye chaja na kava za simu, unafuata ujia mwembamba, mara unatokea kwenye chumba chenye meza chache na madirisha yaliyojaa mvuke. Momo ni donge la nyama ya ng'ombe lililofungwa ndani ya unga mwembamba, ukingo wake umekunjwa mikunjo midogo kwa vidole, kama ukili. Hupikwa kwa mvuke. Mzee wa meza ya jirani aliponiona nataka kuing'ata katikati, alinizuia kwa mkono, akanionyesha: toboa pembeni kwanza, unywe mchuzi uliomo ndani, ndipo ule. Kisha akanisogezea kibakuli cha pilipili. Hakujua Kiingereza cha kutosha kuzungumza nami, na hatukukihitaji.

Kiangazi, Jumamosi usiku, kuna soko la chakula katika bustani ya Flushing Meadows, Queens Night Market, lililoanza 2015. Waandaaji wake waliweka kikomo cha bei kwa kila sahani, dola chache tu, ili mtu aweze kuonja nchi tatu nne kwa usiku mmoja bila kufilisika. Hao watu nawaheshimu. Wameelewa kwamba chakula cha mataifa yote hakina maana ikiwa mlaji ni tajiri peke yake.

Na hapo ndipo New York inaponipoteza. Kodi ya chumba cha biashara ni kubwa mno kwa mtu aliyefika juzi. Kutembeza chakula mtaani nako kulizibwa: tangu miaka ya 1980 jiji liliweka kikomo cha vibali vya mikokoteni ya chakula, na kwa miongo mingi vibali hivyo vimekodishwa kichinichini kwa maelfu ya dola, huku mama mwenye sufuria yake ya tamale, ule unga wa mahindi wa Kimeksiko uliofungwa na kupikwa kwa mvuke, akikimbizana na askari. Mwaka 2021 ilipita sheria ya kuongeza leseni kidogo kidogo kila mwaka. Ni jambo jema, lakini limechelewa. Mgeni akilemewa na kodi, kitu cha kwanza anachopunguza ni ule ugeni wenyewe: pilipili inapungua, matumbo na kongoro vinaondoka kwenye orodha, vinaingia vipapatio vya kuku ambavyo kila mtu anavijua. Nimeliona hilo kwa macho yangu katika mkahawa mmoja wa Manhattan nilioupenda. Mwaka wa kwanza walipika mbuzi na mifupa yake. Niliporudi, mbuzi hayupo, na wali umekuwa wa rangi bila harufu.

Swali langu basi haliko kwenye idadi ya bendera. Nauliza kama aliyefika mwaka jana anaweza kufungua mlango leo na kuwapikia wenzake vile vile walivyokula kwao.

Houston anaweza. Huu ndio mji mkubwa pekee wa Marekani usio na sheria ya kupanga wapi ni pa nyumba na wapi ni pa biashara. Wakazi walilipigia kura jambo hilo 1948, 1962 na 1993, wakalikataa mara zote tatu. Matokeo yake hayapendezi macho. Ni barabara pana zisizo na kivuli, na kandokando safu za maduka ya ghorofa moja yenye uwanja wa magari mbele. Fundi meno, pembeni msikiti, pembeni saluni, pembeni jiko la Wanaijeria. Lakini vyumba ni vingi, na vinapokuwa vingi kodi inashuka. Mwenye jiko anaweza kukosea miezi sita na bado asifunge.

Ukifuata Bellaire Boulevard kuelekea magharibi, utapita maili nyingi za maandishi ya Kivietinamu na Kichina. Wavietinamu walianza kuja kwa wingi baada ya Saigon kuanguka 1975, na baadhi yao walikuwa wavuvi, wakaenda kuvua kamba katika Ghuba ya Meksiko. Kutoka kwa majirani wa Louisiana walijifunza kuchemsha krofishi, yule kamba mwekundu wa mabwawani, halafu wakamfanyia jambo ambalo watu wa Louisiana hawakulifikiria: wakamgaragaza kwenye siagi, kitunguu saumu kingi na mchaichai. Hukaangiwi, hupambiwi. Unaletewa mfuko wa plastiki uliojaa, meza imetandikwa karatasi, na unakula kwa mikono mpaka viwiko. Chakula hicho hakikutoka Vietnamu wala Louisiana. Kilizaliwa hapo hapo, na kisingezaliwa kama yule mvuvi angeambiwa apike tu kile ambacho mteja anakijua tayari.

Kisha Hillcroft, mtaa wa Wahindi na Wapakistani, ambao tangu 2010 unaitwa rasmi Mahatma Gandhi District. Hapo nilifunuliwa bakuli la halimu nikakaa kimya. Ngano na nyama vimepondwa mpaka havitenganiki, juu samli, vitunguu vya kukaanga hadi vikawa kahawia, tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na ndimu. Nilijua ni nini kabla sijaonja. "Hii kwetu ni bokoboko," nilimwambia mwenye mkahawa. Akaniuliza kwetu ni wapi, nami nikamweleza habari za Mombasa, za bokoboko la Ramadhani na la harusi, za wanawake wanaopokezana mwiko usiku kucha. Alicheka kwa furaha, akaita mtu kutoka jikoni aje asikie. Sote wawili tulilipata kwa Mwarabu mmoja na harisi yake. Likavuka bahari upande wao, likavuka upande wetu, na tukakutana tena Texas.

Mitaa hii yote ina tarehe yake. Kuanzia miaka ya 1920 Marekani ilipima wahamiaji kwa asili ya taifa, na hesabu ilipangwa iwapendelee watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Tarehe 3 Oktoba 1965 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyouvunja mpango huo, akiwa chini ya Sanamu ya Uhuru. Ninapokula Hillcroft huwa naikumbuka tarehe hiyo, hasa siku hizi ambapo maneno makali juu ya wageni yamerudi kwenye kila redio ninayoifungua barabarani.

Los Angeles ndiyo pekee inayonitia mashaka na hukumu yangu. Huko hawapiki "chakula cha Meksiko" kwa jumla; wanapika cha Oaxaca, cha Jalisco, cha Sinaloa, kila mkoa na mchuzi wake, na birria, mchuzi wa mbuzi wa asubuhi, ni kitu ambacho mtu wa Pwani atakielewa mara moja. Kuna Koreatown, kuna Thai Town iliyotambuliwa na jiji 1999, na Little Ethiopia kwenye Fairfax tangu 2002. Upande wa mashariki lipo bonde la San Gabriel, ambako Wachina wana miji yao kamili. Mwandishi Jonathan Gold alitumia maisha yake kula katika mitaa hiyo ya pembeni, na 2007 alipewa tuzo ya Pulitzer, mhakiki wa kwanza wa mikahawa kuipata. Na mwaka 2018 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuondoa kosa la jinai kwa wauzaji wa barabarani. Kinachonishinda ni umbali. Nimewahi kutumia saa moja na nusu kwenye foleni kutoka mlo mmoja kwenda mwingine, mimi ambaye kukaa kwenye foleni ndiyo kazi yangu.

Chicago nitaipita haraka: Devon Avenue kwa Wahindi na Wapakistani, Pilsen kwa Wameksiko, na baridi ya kukufungia ndani miezi mitano. Washington nenda kwa Wahabeshi. Hakuna mabishano juu ya hilo.

Lakini mtu wa Pwani akiniuliza aende wapi ajisikie nyumbani, sitampeleka katika mji wowote kati ya hiyo mikubwa. Nitampeleka Dearborn, pembeni mwa Detroit, ambako Wayemeni na Walebanoni walivutwa na viwanda vya magari. Huko Wayemeni wataleta salta ikitokota kwenye bakuli la jiwe, juu yake povu la uwatu. Uwatu huo huo ambao bibi alikuwa akiuroweka usiku na kuupiga asubuhi mpaka ukafura. Na chai ya maziwa yenye iliki, kwenye glasi. Mjukuu wa Mshihiri wa Mombasa akikaa hapo hatahitaji menyu.

Au nitampeleka Minneapolis kwa Wasomali, mtaa wa Cedar-Riverside. Sahani ya wali na mbuzi inakuja na ndizi mbivu pembeni, nzima, haijamenywa, na unaila pamoja na wali, tonge kwa kipande. Nilipokuwa nikimweleza mwenzangu kwenye simu jinsi ya kufika, dada aliyekuwa akihudumu alisimama. "Kaka, kumbe Mswahili? Mimi nimekulia Eastleigh, Nairobi." Basi sikulipia chai siku hiyo.

Kuna jambo linaniuma na sitalificha. Watu wale wale watakaolipa dola 30 kwa tambi za Mtaliano bila kuuliza, wakimkuta Mhabeshi au Msenegali anauza sahani kwa dola 20 wanasema amepandisha. Wanasema chakula cha wageni sharti kiwe rahisi. Yule mama amekesha na anjera yake siku tatu ikiumuka, kitoweo chake kimekaa jikoni tangu alfajiri, na watoto wake wanafanyia kazi za shule kwenye meza ya nyuma. Jasho lake lina bei. Ninapendelea mji wenye kodi nafuu ili yeye ndiye abaki na faida. Sitaki iliwe na mnunuzi anayetaka vya bure.

Safari iliyopita nilipata tena mapumziko yangu Houston. Kusini-magharibi, si mbali na maduka ya Wanaijeria ambako huuzwa suya, ile mishikaki yao ya unga wa karanga na pilipili, kuna duka dogo la vyakula vya Kiafrika. Kwenye friza nilikuta majani ya muhogo yaliyotwangwa, nikachukua pakiti mbili. Mama mmoja wa Kikongo alikuwa nyuma yangu, amebeba chupa ya mawese.

"Papa, sombe hiyo utaipika na nini?"

"Na nazi, mama. Kwetu kisamvu ni nazi."

Aliitazama pakiti, akanitazama mimi, kisha akaweka chupa yake ya mawese ndani ya kikapu changu.

"Nazi? Apana, papa. Chukua hii. Na samaki mukavu uko kule nyuma, ngoja nikuonyeshe."