Uhuru wa Seva Moja

Juzi hapa Kisumu kijana mmoja alitueleza saa nzima jinsi programu yake huria ya Matrix, mfumo wa kutumiana ujumbe ambao yeyote anaweza kuendesha seva yake, itakavyotutoa mikononi mwa makampuni makubwa. Tukapiga makofi. Nikamuuliza: watumiaji wako wamejisajili kwenye seva gani, kompyuta ipi inayowatunzia akaunti na ujumbe? Akajikuna kichwa. Wote matrix.org, seva moja kubwa.

Hongera basi. Umetutoa kwa mwenye nyumba mkali, ukatupeleka kwa mwenye nyumba mpole.

Nami si msafi. Nilimwekea shangazi programu ya aina hiyo, tena ambayo nimeichangia msimbo. Anauza omena Kibuye. Kioo cha simu yake kimepasuka kona ya juu, na hapo hata ubonyeze vipi hapasikii. Programu ikamwambia achague seva. Akanirudishia simu, vidole vinang'aa magamba. "Hiyo ndiyo nini, mwanangu? Chagua wewe." Nikachagua ileile. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na sisi ndio tulioiweka ya kwanza.

Na itifaki yenyewe, yaani kanuni za seva kuwasiliana, haina kosa! Tangu 2014 Matrix imejengwa ili seva zizungumze zenyewe kwa zenyewe, kama barua pepe. Ya Kisumu ikizima, ya Nakuru inabaki na nakala ya mazungumzo. Lakini ziko wapi hizo seva? Sisi tunagombania rangi za vitufe. Nani anaandika maelekezo ya kuiweka kwenye kompyuta ya mtumba? Nani anauliza itakuwaje stima ikipotea Kondele saa mbili usiku? Niliweka Synapse, programu ya kuendesha seva ya Matrix, kwenye mashine ya RAM 4GB, ikaenda vizuri mpaka nilipoingia chumba kimoja chenye maelfu ya watu. Ikahema kama lori linalopanda Mau Summit. Nikalalamika, nikaambiwa ninunue mashine kubwa. Asanteni sana.

Telegram ilipofungwa hapa Kenya wakati wa mtihani wa KCSE Novemba 2023, na 2024 tena, watu walikimbilia VPN, programu za kukwepa kizuizi. Seva za jirani za kukimbilia zilikuwa wapi?

Sawa, seva kubwa ina watu wanaoamka usiku kuitengeneza, mimi hulala. Hilo nalikubali, shingo upande.

Yangu sasa iko nyuma ya duka la fundi simu, ina watu kumi na mmoja. Shangazi hayumo. Matrix haimruhusu kuhama na akaunti yake, kwa hiyo itabidi aanze upya, jina jipya, vyumba vyote aingie tena. Kesho naenda Kibuye kumweleza.