Breki Iko Mkono Gani?

Mama yangu akigundua mtoto wake anaogopa kitu, basi atamtuma hicho hicho. Utotoni niliona haya kusema na wageni. Akanitwika kapu la karanga, akanipeleka stesheni ya Tabora niwauzie abiria wa treni ya Kigoma dirishani. Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani kujifungia chumbani, akanunua pikipiki kwa mkopo wa vikoba.

"Nimechoka kuwalipa bodaboda wanibebee madumu ya asali. Utaendesha wewe."

"Mama, naogopa."

"Najua. Ndiyo maana sijamwambia kaka yako."

Tukaenda njia ya Kwihara, kule alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Sijui wapagazi wake walisemaje kuhusu mchanga ule; mimi nina maneno, ila si ya kuandikwa hapa. Mwalimu wangu alikuwa mama mwenyewe, ambaye hata baiskeli hajawahi kuendesha.

"Achia klachi taratibu," akasema, kwa uhakika wa mtu aliyesimuliwa.

Nikaiachia yote, mafuta nikavuta mpaka mwisho. Mbele kona, baada ya kona mwembe, chini ya mwembe turubai. Breki iko mkono gani? Kilichofanya kazi ni mdomo tu: "Mama! Mama yangu weee! Mamaaa!" Nikapita katikati ya viti vya plastiki, wazee wakiruka huku na huku, nikapangua masufuria, pikipiki ikazama mchangani na kuzimika. Mimi nikatua kwenye jamvi la akina mama, helmeti kichwani, bado naita mama.

Ulikuwa msiba wa bibi mmoja. Na mjukuu wake wa Dar, ambaye ukoo haukuwa umemwona tangu akiwa mdogo, alikuwa anasubiriwa, treni imechelewa.

"Amekuja! Mjukuu amekuja!"

Vilio vikaanza upya. Nikakumbatiwa, nikavuliwa helmeti, nikafungwa khanga kiunoni. Goti lilikuwa limechubuka na mchanga umeingia humo humo, kwa hiyo machozi yangu yalikuwa halali kabisa. Kila nikianza, "Hapana, mimi si...", shangazi mmoja mwenye nguvu ananikandamiza kifuani: "Nyamaza mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa."

Mzee mmoja akasimama. "Mjukuu, wasalimie watu. Sema neno kuhusu bibi yako."

Hapo ndipo mama alipotokea, kandambili mkononi, anahema. Nikashukuru, mwokozi kafika. Mama akalitazama turubai, akawatazama watu walionyamaza kunisubiri, akanitazama mimi. Akatafuta nafasi jamvini, akakaa, akanipandishia nyusi: sema!

Nikasema. Marehemu simjui, nikamsema ninayemjua. Kwamba kuna mama anayekusukuma kwenye umati na kapu kichwani, unadhani hakupendi, kumbe kajibanza nyuma ya nguzo ya stesheni, upindo wa khanga unaonekana, anahesabu umeuza vifungu vingapi. Kwamba bila msukumo wake nisingejua kama nina sauti. Asante ambayo usoni pake sijawahi kuitoa, niliitoa pale, mbele ya watu nisiowajua hata mmoja.

"Bibi alikuwa hivyo hivyo!" akapiga kelele mtu nyuma. Watu walilia sana. Mama yangu aliwashinda wafiwa.

Ndipo bajaji ikasimama, akashuka binti wa rika langu na begi la magurudumu, akiuliza kwa kilio bibi yake yuko wapi.

Kimya. Mama akainuka, machozi hayajakauka. "Sisi tumekuja kuwapa pole tu, jamani," akasema, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la rambirambi, akaandikisha elfu kumi. Yule mzee akanivuta pembeni kuuliza kama kwenye harusi pia huwa nasema, na ni bei gani.

Tulipoikokota pikipiki hadi njiani, mama akajifuta uso na ncha ya khanga.

"Ile elfu kumi nitaikata kwako," akasema, akapanda nyuma. "Haya, washa."