Mtafiti wa Moyo na Hesabu ya Kunukuliwa Kwake

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kimoja cha kumpimia mtafiti, kiitwacho fahirisi ya h. Mwenye fahirisi ya 40 ni yule aliye na makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa katika makala nyingine mara 40 au zaidi. Siku hizi kamati inayotafuta profesa wa magonjwa ya moyo huweza kuitazama namba hiyo kabla haijafungua hata makala moja ya mwombaji.

Wanaoitetea wana hoja ambayo wapinzani huipita haraka mno. Pasipokuwa na hesabu iliyo wazi, vyeo hugawiwa kwa kujuana, na kijana asiye na mlezi mwenye jina hana pa kushika. Makala iliyonukuliwa na mamia ya watu wasiomfahamu mwandishi ni ushahidi kwamba kazi yake imewafikia wenzake, na ushahidi huo hauhitaji barua ya sifa kutoka kwa mkubwa yeyote. Tena fahirisi haipandi kwa bahati ya makala moja: mwenye makala nne zilizonukuliwa mara 900, 400, 300 na 2 ana fahirisi ya 3 tu.

Lakini ukali huohuo ndio unaoiumbua. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, alijipitishia katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu mpaka chumba cha eksirei ili picha ionyeshe ilipofika. Aliandika makala, akapuuzwa, hatimaye akahamia kwenye tiba ya njia ya mkojo. Madaktari Cournand na Richards waliiendeleza mbinu hiyo huko New York, na mwaka 1956 wote watatu wakatunukiwa Nobeli. Kwa kazi hiyo moja, kamati ya leo ingemwandikia Forssmann fahirisi ya 1.

Utafiti wa moyo una tatizo lake pia, nalo ni ukubwa wa miradi yake. Utafiti wa INTERHEART kuhusu visababishi vya shambulio la moyo, uliochapishwa mwaka 2004, ulikusanya wagonjwa kutoka nchi 52. Kazi ya namna hiyo hubeba majina mengi, na hesabu haimtofautishi aliyeibuni na aliyeandikisha wagonjwa wachache. Miongozo ya tiba inapotosha zaidi. Karibu kila anayeandika kuhusu shinikizo la damu huinukuu katika aya ya kwanza, kwa hiyo aliyeketi kwenye kamati ya miongozo huvuna maelfu ya nukuu bila kuleta takwimu hata moja mpya. Sisemi kwamba miongozo ni kazi ndogo. Nasema ni kazi ya aina nyingine.

Kuna la uzito zaidi: hesabu haijui kama unanukuliwa kwa kuungwa mkono au kwa kukanushwa. Mwaka 2001 maabara ya mtafiti wa moyo Piero Anversa ilitangaza katika jarida la Nature kwamba seli za uboho zinaweza kuotesha upya misuli ya moyo wa panya ulioharibika. Mwaka 2004 makundi mawili yaliandika katika jarida hilohilo kwamba hayakuyaona matokeo hayo, na ili kumkanusha yalilazimika kumnukuu. Kila pingamizi lilimwongezea hesabu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na Hospitali ya Brigham viliomba makala 31 za maabara hiyo ziondolewe majaridani, na jaribio la tiba ya seli kwa wagonjwa lililofadhiliwa na serikali ya Marekani likasimamishwa kwa muda.

Kwa maoni yangu, fahirisi inafaa kuwa chujio la kwanza, tena kati ya watu wa umri na fani moja, baada ya miongozo kuondolewa kwenye hesabu. Baada ya hapo mwombaji achague makala zake tano na aeleze katika kila moja ni lipi alilolifanya kwa mkono wake. Njia hii nayo ina gharama, kwa sababu wanakamati watalazimika kusoma, na msimulizi hodari atamzidi mtafiti hodari asiyejua kujieleza. Hata hivyo, maelezo ya mtu yanaweza kuhojiwa mbele yake na waandishi wenzake wakaulizwa, jambo ambalo namba 40 haiwezi kufanyiwa.