Acheni kuwacheka wazungu na bingo yao

Mwaka wangu wa kwanza wa kulea wazee huku Columbus, Ohio, kila nikipiga simu nyumbani Tanga nilikuwa na kituko cha kusimulia. Jamani wazungu wanawatupa wazazi wao, halafu huko walikotupwa wanapewa karatasi ya ratiba ya mwezi mzima kama watoto wa chekechea, Jumatatu kurusha puto, Jumanne bingo, Jumatano basi la kwenda supamaketi ya Kroger kununua ndizi mbili na kadi ya besdei. Tunacheka weee. Mama anasema "masikini, hawana watu". Simu inakatika kila mtu anajiona mwema.

Leo nakiri tulikuwa tunacheka vibaya. Wao wana matatizo yao na nitayasema, ila ile karatasi nimeshaiheshimu.

Karatasi yenyewe inatoka tarehe 1 ya mwezi, maandishi makubwa kama bango la kampeni ili hata aliyesahau miwani aone. Kila siku ina mambo matatu manne. Asubuhi mazoezi ya kukaa kwenye kiti, Jumanne saa nane mchana bingo, Alhamisi saa tisa kuna hepi awa, yaani kiglasi kidogo cha mvinyo na vibiskuti halafu anakuja jamaa mmoja na gitaa anapiga nyimbo za ujana wao, hapo hata bibi asiyekumbuka jina la mwanae anaimba ubeti mzima bila kukosea. Besdei za mwezi mzima zinaunganishwa siku moja, keki moja. Novemba 11, siku ya maveterani, mababu waliopigana Vietnam wanavaa kofia zao na hawataki utani. Na mara moja kwa mwezi kuna kikao cha wakaazi wenyewe, hicho msikichukulie poa, nimeona supu ya baridi ikijadiliwa dakika arobaini na meneja katulia kama mshtakiwa.

Na msidhani ni hisani tu. Kuna sheria ya shirikisho ya 1987, nasingi homu yoyote, yaani nyumba ya wazee wanaohitaji uuguzi, inayopokea hela za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, lazima iwe na programu ya shughuli zinazoendana na anachopenda mtu mwenyewe, na wakaazi wana haki ya kuunda kikundi chao wakakaa vikao. Nyumba za wazee wanaojiweza kiasi kama hii yetu zinasimamiwa na jimbo, lakini nazo zinashindana kwa kalenda, ndiyo ile karatasi, maana mtoto akija kumtafutia mama yake mahali atazungushwa, ataoneshwa chumba, halafu atasimama ukutani anasoma kalenda. Mara nyingi analipa yeye au mama mwenyewe, Medicare hailipii kodi ya kuishi humo, watu wanauza nyumba walizolipia maisha yao yote.

Nirudi kwenye bingo. Zawadi ni sarafu ya robo dola au chokoleti. Robo dola! Lakini saa saba na nusu tayari viti vimejaa, kuna bibi ana kiti chake karibu na dirisha na ole wako mgeni ukikaa pale, atasimama nyuma yako na kile kigari chake cha kutembelea bila kusema neno mpaka uhame mwenyewe. Nilichokuja kugundua ni kwamba bibi huyu Jumanne ndiyo anaoga bila kubembelezwa na anapaka lipstiki. Siku nyingine tunabishana nusu saa. Sasa niambie dawa gani inamfanyia hivyo.

Tena ile Machi 2020 walipozuia wageni kwenye nasingi homu za nchi nzima nasi huku tukafunga, mabinti wanasimama nje kwenye baridi wanampungia mama yao dirishani, sisi ndani bingo hatukuacha. Kila mtu anakaa mlangoni kwake, mwenzetu anatembea katikati ya korido anapiga kelele namba, "B kumi na mbili!", wasiosikia wanauliza, jirani anarudia. Mimi nilikuwa nimevaa barakoa nalia ndani kwa ndani, jasho na machozi hata sijui kipi kipi.

Haya, na ubaya wake sasa. Shughuli nyingine ni za kitoto na zinaniudhi. Mtu kafundisha hesabu maisha yake yote leo unampa puto na penseli za rangi halafu unampigia makofi "gudi jobu!" kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto. Unaona kabisa macho yake yanavyozimika. Kalenda inaweza kujaa mpaka pembeni na mtu akabaki mpweke vilevile.

Tulikuwa na babu mmoja hatoki chumbani. Bingo hataki, gitaa hataki, keki mpelekee humohumo. Mimi namwita "babu" akadhani ni jina la utani nimemtungia, akalipenda. Katika maongezi ya kumvalisha soksi nikajua alikuwa tarishi wa posta miaka zaidi ya thelathini. Nikamwambia dada anayeshughulikia aktiviti, naye ana akili yule dada, tarehe 1 iliyofuata akamgongea na furushi la kalenda akamwambia mgongo unaniuma, nisaidie kugawa. Milango kama themanini hivi. Alichukua asubuhi nzima, kaweka makaratasi kwenye kikapu cha kigari chake, kila mlango anasimama, anasoma jina, anachomeka kalenda, anaugonga mara mbili na vidole, anaendelea. Mlango mmoja ulikuwa na jina limekosewa herufi, akarudi ofisini kulalamika! Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi anauliza kalenda zimeshachapwa au mnanichelewesha.

Huku kuna daktari anaitwa Bill Thomas, mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa kwenye nasingi homu moja kijijini jimbo la New York akaona wazee wanakufa kwa upweke, kwa kuboeka na kwa kukosa cha kufanya chenye maana, akaingiza mbwa, paka na kasuku wadogo mia moja ndani ya jengo. Mia! Wazee wakapata wa kulisha. Nilipomsikia nikamkumbuka babu tarishi.

Sasa tuje kwetu maana hapa ndiyo napotaka ugomvi. Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, kwa kaka, nyumba imejaa watu, hajatupwa na mtu. Saa kumi na mbili asubuhi kaka ametoka, wifi anakwenda dukani, watoto shule, dada wa kazi anafua uani. Mama anabaki na tivii na tamthilia za Kituruki mpaka magharibi. Wanaume afadhali, wana baraza, wana kahawa na bao na ubishi wa Simba na Yanga. Mama alikuwa ndiye mpishi wa pilau wa mtaa mzima, hakuna harusi bila yeye, lakini tangu magoti yaanze kumsumbua ni "pumzika mama", "kaa mama", hata mchele wa kuchagua ananyang'anywa, na sisi tunaona ndiyo heshima. Mimi natuma hela kwenye simu, nimemaliza. Oktoba 1 siku ya wazee duniani utaona picha za watu wanagawa sabuni na sukari, Oktoba 2 kimya.

Mama mdogo wangu yuko Ng'ambo, Unguja. Zanzibar walianza pensheni jamii mwaka 2016, kila aliyefika miaka 70 anapata, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mama mdogo siku ya kupokea anaamka alfajiri, kajifukiza udi, buibui safi. Hela ni ndogo lakini kwenye foleni wapo wote aliosoma nao chuo cha Kurani, wanahesabiana nani hajaja na kwa nini. Akirudi ana habari za wiki mbili. Bila wenyewe kujua serikali imewapangia aktiviti ya mwezi.

Basi mwezi uliopita nikampigia kaka tukapanga ratiba ya mama. Jumatatu anawafundisha wajukuu kupika kitu kimoja yeye kakaa kwenye kiti anaamrisha, Jumatano bajaji impeleke kwa shoga yake barabara ya kumi na tano, Ijumaa yeye ndiye anachagua mchele na hakuna wa kumnyang'anya. Wifi akaiandika kwa maandishi makubwa akaibandika kwenye friji. Mama akaisoma yote na miwani yake, akachukua simu.

"Nimeiona. Sasa mwanangu, wewe umo siku gani humu?"

Nikamwambia Jumapili mama, jioni ya huko, nitapiga kila Jumapili.

"Jumapili jioni nina kikoba," akasema. "Tafuta siku nyingine."