Fahali wa Mitamba Si Lazima Awe Baba wa Kundi

Wenye ng'ombe wa nyama wanaoishi Nairobi huku mifugo yao ikiwa Kajiado, Machakos au Laikipia wana ubishi usiokwisha: wapandishe fahali gani? Upande mmoja unasema Boran, ng'ombe wa nundu wa hapa kwetu, ni mdogo, na kwa kuwa kwenye machinjio ya Dagoretti na Athi River nyama ni kilo, zitafutwe mbegu za Charolais au Simmental, ng'ombe wakubwa wa Ulaya. Upande wa pili unajibu kwamba mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, akikwama katika kuzaa usiku huko Konza, daktari akiwa mbali na mchungaji akiwa na tochi tu, hakuna kilo za kuhesabu asubuhi. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba kazi tatu zinajadiliwa kana kwamba ni moja: kumfanya mtamba azae salama mara ya kwanza, kupata ndama wa kuuza, na kupata majike watakaobaki kundini. Fahali anayefaa kazi moja anaweza kuharibu nyingine.

Tuanze na kinachokwamisha. Ukiondoa ndama waliolala vibaya tumboni, ambao fahali hana lawama kwao, sehemu kubwa ya uzazi mgumu hutokana na ndama mkubwa kupita njia ya mama yake. Ndama wa Boran huzaliwa na kilo 25 hadi 30 hivi. Wa Charolais halisi hukaribia 45. Ndama dume humzidi jike kwa kilo mbili au tatu, na ndiyo maana visa vingi vya kuvuta ni vya madume. Dalili huonekana mapema kwa anayejua kutazama: kwato za mbele zikitoka huku zimepishana, mabega yamebanwa nyongani. Mtamba akisukuma kwa saa nzima bila maendeleo, ni wakati wa daktari. Kumfunga ndama kamba na kuivuta kwa pikipiki huvunja miguu yake na kumjeruhi mama.

Sasa hesabu, kwa mfano wa kubuni. Una mitamba 40. Fahali mwepesi, yaani anayezalisha ndama wadogo, anakupa ndama 38 wanaoachishwa kunyonya wakiwa na kilo 180: jumla kilo 6,840. Fahali mzito, wa ndama wakubwa, anaongeza kilo 20 kwa kila ndama, lakini wanne zaidi wanakufa wakati wa kuzaliwa. Wanabaki 34 wa kilo 200, yaani kilo 6,800. Faida yote imeliwa, na hujahesabu mtamba aliyekufa, aliyepooza nyonga, au aliyechelewa kurudi kwenye joto (hali ya kutaka dume) hadi msimu ukampita. Hamisha hesabu hiyohiyo kwa ng'ombe 40 waliokwisha kuzaa mara mbili au zaidi. Huko fahali mzito huenda akapoteza ndama mmoja tu zaidi: 38 kwa kilo 200 ni 7,600, dhidi ya 39 kwa kilo 180, ambao ni 7,020. Hapo wapenda kilo wameshinda, tena kwa kilo 580. Kwa hiyo anayeuliza kama Charolais ni mzuri au mbaya anapaswa kwanza kusema anampandisha nani.

Kuna jambo moja linalowapa nguvu watetezi wa krosi, yaani kuchanganya aina mbili, hapa Kenya, nalo halisemwi vya kutosha. Kwenye krosi za Brahman na Hereford au Angus kule Marekani imeonekana wazi kwamba tumbo la mama wa zebu, yaani ng'ombe wa nundu kama Brahman, humbana ndama: mama akiwa Brahman, ndama huzaliwa mwepesi, mama akiwa wa Kizungu na baba Brahman, ndama huzaliwa mzito, hasa akiwa dume. Boran naye ni zebu. Ndiyo maana Charolais juu ya ng'ombe mkubwa wa Boran hatishi kama wengi wanavyodhani wakisoma habari za Ulaya. Mtego uko kizazi kinachofuata. Ukimbakiza jike wa nusu Charolais kwa sababu ana umbo zuri, kisha ukampandisha tena Charolais, ndama atakuwa robo tatu Charolais ndani ya tumbo ambalo breki yake ya zebu imepungua. Mambo huharibika hapo, na lawama humwangukia fahali wa mwaka huo ilhali kosa lilifanyika miaka mitatu nyuma, siku jike yule alipobakizwa. Mpandishe Boran, au umuuze pamoja na madume.

Hata ndani ya Boran wenyewe, wepesi wa kuzaa una sura mbili. Ya kwanza ni fahali kama baba wa ndama: je, ndama wake wanatoka kwa urahisi? Ya pili ni fahali kama baba wa mama: je, binti zake watazaa kwa urahisi? Mara nyingi sifa hizi mbili huvutana. Anayechagua kila mwaka fahali wa ndama wadogo kabisa, akabakiza binti zao, baada ya vizazi kadhaa hujikuta na majike wadogo wenye nyonga nyembamba na ndama wanaodorora. Kwa hiyo fahali mwepesi kupindukia ni chombo cha mitamba ambao ndama wao watauzwa. Baba wa majike watakaobaki atafutwe katikati: uzito wa kuzaliwa wa wastani, ukuaji mzuri hadi kuachishwa kunyonya, na mama mwenye rekodi ya kuzaa kila mwaka bila kusaidiwa. Rekodi ya mama huyo naiamini kuliko kikombe chochote cha maonyesho ya Jamhuri Park.

Utamjuaje fahali wa namna hiyo? Si kwa macho. Wapo wanunuzi wanaozunguka fahali wakipima mabega na kichwa, wakiamini kwamba mwenye kichwa chembamba atazalisha vichwa vyembamba. Ukishajua uzito wa kuzaliwa, umbo huongeza kidogo sana. Wala ukubwa wa fahali aliyekomaa haukuambii alizaliwa na kilo ngapi. Muulize muuzaji mambo mawili: fahali huyu alizaliwa na kilo ngapi, na wenzake wa ranchi hiyo, msimu huo, walikuwa na wastani gani? Kilo 30 pale ambapo wenzake wana 32 ni nafuu kuliko kilo 28 pale ambapo wenzake wana 25, maana malisho na umri wa mama hubadilisha uzito. Ranchi zenye mafahali walioandikishwa na Chama cha Wafugaji wa Boran, kilichoanzishwa 1951, ndizo za kuulizwa kwanza, kwa sababu ukoo angalau umeandikwa. Muuzaji asiye na hata daftari la tarehe za kuzaliwa anakuuzia ngozi na nundu.

Mbegu zilizogandishwa zina shida ya aina nyingine: namba zipo tele, lakini kila nchi ina lugha yake. Angus wa Marekani huonyeshwa kwa tofauti ya asilimia ya mitamba watakaozaa bila msaada. Namba kubwa ndiyo nzuri. Wafaransa hutumia msingi wa 100, na juu ya 100 ni afadhali. Wana IFNAIS kwa wepesi wa ndama kuzaliwa na AVEL kwa binti kuzaa, na ni vizuri kuzitazama zote mbili. Ayalandi huonyesha asilimia ya uzazi mgumu unaotarajiwa, kwa hiyo namba ndogo ndiyo nzuri. Mtu akibeba mazoea ya orodha moja kwenda nyingine, anaweza kuagiza kinyume kabisa cha alichotaka. Na kando ya kila namba kuna kiwango cha uhakika. Fahali kijana mwenye uhakika wa asilimia 30 bado ni tetesi. Mwenye 90 amekwisha kuthibitishwa na ndama wengi. Kwa mitamba nunua uhakika, hata kama namba yenyewe haivutii sana.

Swali jingine la kumuuliza muuza mbegu ni jeni ya miostatini, inayozidisha misuli. Aina inayoitwa nt821, maarufu kwa Belgian Blue, na Q204X inayopatikana kwa Charolais, huongeza hatari ya kukwama. F94L, iliyoenea kwa Limousin, huongeza nyama bila kuleta shida kubwa ya uzazi. Majibu ya kipimo huandikwa kwenye orodha nyingi za Ulaya. Kama hayapo, yaombe.

Fahali hata hivyo hawezi kumwokoa mtamba aliyepandishwa kabla ya wakati. Kipimo kinachotumika ni asilimia 65 ya uzito wa ng'ombe mzima: kama wakubwa wako wana wastani wa kilo 420, mtamba asiguswe kabla ya kilo 270, na afike kama 355 siku ya kuzaa. Kipimo cha nyonga kwa mkono wa daktari husaidia kuondoa wale wembamba kupita kiasi. Zaidi ya hapo hakibashiri mengi, kwa kuwa mtamba mwenye nyonga kubwa mara nyingi ni mkubwa mwenyewe na huzaa ndama mkubwa. Na ipo imani kwamba ukimnyima chakula miezi mitatu ya mwisho, ndama atapungua na kupita vizuri. Hupungua kidogo, lakini mama hukosa nguvu za kusukuma, dang'a, maziwa ya kwanza ya ndama, huwa haba, na joto huchelewa kurudi. Kumnenepesha nako ni kosa, maana mafuta hujaa njiani. Mlenge awe kati ya 2.5 na 3 kwenye kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 5.

Je, uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu zilizogandishwa, au fahali hai? Anayeunga mkono mbegu ana hoja nzito: kituo cha taifa cha mbegu kiko Kabete, hapa hapa Nairobi, na kwa mirija michache mtamba anapata baba ambaye huwezi kumnunua akiwa hai, tena bila kumwingiza shambani mgeni wa Ulaya anayelemewa na jua na kupe. Anayepinga anakumbusha kwamba ng'ombe wa ranchi hawaonwi joto kirahisi, na kwamba hata mkihimilisha vizuri, karibu nusu watarudia joto bila kushika mimba. Lakini wengi hukosea kwa fahali wa kumalizia, yule anayeingizwa kundini kuwapanda waliorudia. Wanalipia mbegu nyepesi ya Angus kwa mitamba, kisha wanawaachia waliorudia kwa fahali yeyote aliyepo, mara nyingi yule mzito wa ng'ombe wakubwa. Nusu ya mitamba sasa imebeba hatari ileile iliyokimbiwa. Wa kumalizia awe mwepesi pia, na aingizwe siku 14 baada ya uhimilishaji, ili tarehe ya kuzaa ionyeshe baba ni nani. Kijana wa miaka miwili apewe majike 15 hadi 20, si 40, na kabla ya hapo apimwe mbegu, brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na magonjwa ya zinaa ya ng'ombe.

Tarehe nazo zina uzito wake. Ukiingiza fahali tarehe 15 Januari, ndama wa kwanza watatua mwishoni mwa Oktoba, mvua fupi zikianza; ukimtoa baada ya siku 63, yaani mizunguko mitatu, uzazi wote unabaki ndani ya wiki tisa ambazo unaweza kuweka mtu wa zamu ya usiku. Fahali anayekaa kundini mwaka mzima huzalisha mwezi wowote, na mtamba hukwama siku ambayo hakuna aliyetazama.

Ndani ya wiki hizo, kila ndama apimwe kabla ya saa 24 kwa mizani ya ndoano, na uzazi upewe alama: 1 amezaa mwenyewe, 2 amevutwa kidogo na mtu mmoja, 3 amevutwa kwa nguvu, 4 daktari au upasuaji. Waliolala vibaya waandikwe kando. Bila daftari hilo, msimu ujao mtarudi kubishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huhifadhi ndama mmoja aliyekufa kuliko thelathini waliozaliwa salama.

Linabaki swali la mwenye ng'ombe 25 asiyeweza kuweka mafahali wawili. Wapo wanaomshauri achukue krosi ya Boran na Simmental kama suluhu ya kati. Sikubaliani nao, kwa sababu ndama wa fahali wa krosi hutofautiana sana, na yule mmoja mzito anaweza kumwangukia mtamba mdogo kuliko wote. Achukue Boran mmoja wa uzito wa kati aliyezaliwa na mama mwenye rekodi, apandishe wote, wakiwemo mitamba. Akitaka kilo za ziada, achague ng'ombe wake sita au saba wakongwe wenye nyonga pana, awahimilishe mbegu ya Charolais yenye uhakika mkubwa, na ndama wote watakaotoka hapo, madume kwa majike, wapigwe alama sikioni siku ya kwanza kuwa ni wa soko.