Kongosho Likivimba, Utumbo Usiachwe na Njaa

Mgonjwa analetwa Dodoma kutoka Kondoa au Mpwapwa, kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, limevimba vibaya, na agizo ni lile lile: asipewe kitu mdomoni. Siku ya tano bado anaishi kwa dripu. Naona agizo hili limepitwa na wakati, na linawaumiza wagonjwa.

Kongosho lipumzike, wanasema. Na utumbo je? Maji ya mwili yanapovujia tumboni, damu inayoufikia hupungua, kuta zake zinavimba na kuanza kuvuja. Chembe za ukuta huo hulishwa kwa sehemu kubwa na chakula kinachopita juu yake. Kisipopita husinyaa, bakteria wakapenya hadi kwenye nyama ya kongosho iliyokufa. Usaha hujitokeza mara nyingi baada ya wiki mbili, ndugu wameshaanza kupumua. Antibiotiki za kinga tangu siku ya kwanza haziuzuii.

Anayeweza kula, ale. Akishindwa hadi siku ya tatu, na presha ya damu imetulia, awekewe mpira wa puani wa kulishia. Kwa wengi ukiishia kwenye mfuko wa chakula unatosha. Anza na mililita 20 za chakula kwa saa, panda taratibu, kichwa kiwe juu nyuzi 30 hadi 45, na mpira usafishwe kwa mililita 30 za maji kila saa 4. Uji wa uwele unaoletwa na ndugu kwenye chupa ya chai, pamoja na upendo wote uliomo, chenga zake huziba mpira. Ukiongezwa maji upite, nguvu yake ya kulisha imekwisha.

Vidonge vya bakteria wazuri visitolewe. Katika utafiti wa Uholanzi wa 2008, waliopewa walikufa asilimia 16, wasiopewa asilimia 6.

Kinachonisikitisha zaidi ni shinikizo la ndani ya tumbo kupimwa kwa kiganja tu. Kiganja hudanganya. Mgonjwa alale chali, ingiza mililita 25 za chumvi-maji kwenye kibofu kupitia mpira wa mkojo, inua mpira wima, soma kimo cha maji kuanzia usawa wa katikati ya kwapa, pumzi ikiwa imetoka. Sentimita 16 ni onyo: punguza dripu, nyonya gesi kwa mpira wa puani, tuliza maumivu, angalia potasiamu ya damu, maana ikishuka utumbo unalala, na mofini, dawa kali ya maumivu, nayo huulaza. Zikizidi 27 huku figo au mapafu yakianza kushindwa, daktari wa upasuaji aitwe usiku huo huo.