Kirusi Kimoja na Maelfu Si Mamoja

Juzi nilikwenda kumjulia hali ndugu yangu aliyelazwa kitandani na mafua makali, nikamkuta amezungukwa na watu wanne, dirisha limefungwa na tambara limesokomezwa chini ya mlango ili upepo usipite. Nilipoomba dirisha lifunguliwe, mmoja wao alinijibu, kwa upole wa mtu anayemfunza mtoto, kwamba aliyekwisha kuvuta kirusi kimoja amevuta vyote. Hekima kubwa hiyo. Kwa hesabu yake, aliyepigwa na manyunyu na aliyetumbukia kisimani wamelowa sawasawa.

Kinga ya mwili huhitaji siku kadhaa kumtambua adui mgeni na kutengeneza kingamwili za kutosha, na muda huohuo kila seli iliyotekwa inafyatua virusi vipya. Wavamizi wakianza wachache, kinga hupata nafasi ya kujipanga. Wakiingia kwa wingi, huamka nyumba imekwisha kujaa. Surua ililionyesha jambo hili kwa uchungu mjini Bissau, mji mkuu wa Guinea-Bissau, mwaka 1979, ambako mtafiti Peter Aaby aliona kwamba watoto walioambukizwa na mwenzao wa nyumba moja walikufa zaidi kuliko wale walioupata ugonjwa nje. Surua ilikuwa ileile. Tofauti aliyoitilia mkazo ni kwamba mtoto wa ndani alivuta pumzi ya mgonjwa usiku na mchana, pengine katika kitanda kimoja. Ndui nayo, zamani ilipopandikizwa makusudi kwa mchanjo mdogo wa ngozi ili kumkinga mtu, iliua wachache mno kuliko ile ya kuvutwa puani, ingawa hapo njia ya kuingilia pia ilikuwa nyingine.

Nakubali, shingo upande, kwamba korona haikunyooka hivyo. Vijana 36 waliojitolea Uingereza mwaka 2021 walitiwa puani kipimo kidogo sana cha virusi, na takriban nusu yao waliambukizwa, virusi vikaongezeka hadi kuwa vingi ajabu. Lakini wote walipewa kipimo kilekile, kwa hiyo asiniletee mtu jaribio hilo kuwa ushahidi kwamba kiasi hakina maana.

Dirisha nililifungua mwenyewe. Mgonjwa alilalamika baridi, nikamwongezea blanketi. Yule mwalimu wangu alihamia kiti kilicho karibu zaidi na mto.